Siti ya Mkwe

Gwarama, Kakonko

Mdogo wangu Skola,

Amahole kwako na kwa wote mlioamka salama hapo nyumbani. Mama miguu inamsumbuaje sasa? Dawa anakunywa au bado anazificha chini ya mkeka? Mwambie nimeuliza. Na wewe na kifua chako usilale dirisha wazi, baridi ya Manyovu si ya kuchezea.

Mimi mwili mzima. Moyo ndio umejaa moto, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Huku mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye jiwe lililo mlangoni kwa bamwana wangu, yule mama mkwe wa Neema. Nikiongea pale anasikia mpaka ninavyopumua. Basi soma polepole, mwandiko wangu unaujua.

Unakumbuka nilikuja kumwogesha mtoto na kumpikia Neema uji, kwa sababu alijifungua kwa kupasuliwa. Sasa kidonda kikavimba. Asubuhi moja nikamkuta anaungua, midomo imekauka, mtoto ananyonya na mwenyewe hana habari. Josefu mume wake alikuwa porini anakopasua mbao. Bodaboda wote walikuwa wameenda mnadani. Nikamwendea bamwana, akanijibu kwamba wanawake wa siku hizi wanapenda kulala, kwamba yeye alizaa na kesho yake akashika jembe. Hakupasuliwa yule.

Kulikuwa na baiskeli ya Josefu imeegemea ukuta. Mwiko wa mkwe unaujua kama mimi. Mama mkwe hakai mahali mkwe wake anapokaa, hata kigoda chake unakipita mbali. Tangu nifike nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba nisikutane naye uso kwa uso. Kwa hiyo nilianza kwa kuisukuma, kana kwamba kuisukuma kungenifikisha zahanati upesi kuliko miguu yangu. Mwisho wa migomba nikajiuliza, mwanangu afe mimi nasukuma chuma kwa heshima? Nikafunga kitenge katikati ya miguu, nikapanda.

Tangu tulipoacha kupeleka ndizi mpakani sijapanda baiskeli, Skola. Na barabara ya huku ni changarawe tupu, na mawe kama viazi yamelala yanasubiri gurudumu. Mteremko wa kwanza nikagundua breki hazishiki. Nikaburuta kandambili chini mpaka ikakatika. Usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana, na ukiukaza ndiyo unaanguka, ukiulegeza kidogo baiskeli inajitafutia njia yenyewe. Nililikumbuka hilo nikiwa katikati ya mteremko, nashukuru Mungu sikulikumbuka nikiwa chini. Mihogo huku na huku, kisha miti, hakuna gari, hakuna mtu, kimya mpaka nasikia kokoto zinaruka na kugonga cheni. Siku nyingine ningeipenda njia ile. Siku hiyo kimya kilinitisha, nikawa naongea na Neema kwa sauti kama vile nimempakia kwenye keria. Kwenye mlima nashuka nasukuma, juu napanda tena. Wanawake waliokuwa wanapalilia wakainuka kuniuliza kama kwa Josefu kuna msiba. Nikasema hapana. Basi macho yao yakahamia kwenye siti, nikajua habari itafika nyumbani kabla yangu.

Zahanati nikamkuta mganga kijana, mnene, pikipiki yake haina mafuta. Akachukua mkoba akasema, "Bibi, kaa nyuma, nitaendesha mimi." Nimeshakuwa bibi. Tukarudi hivyo, yeye kwenye siti na mimi kwenye keria, nimemshika kiuno nisimwagike kwenye mawe. Akakikamua kidonda, akakisafisha, akampiga sindano. Jioni homa ikashuka. Mungu ambariki kijana yule. Ila amesema dawa na bandeji niwe nazifuata kwake mpaka kidonda kifunge, na Neema asiinue hata ndoo.

Sasa sikia ya bamwana. Alikuja na mawifi wa Neema, wakasimama uani. Salamu hakuna.

"Umekalia siti ya mkweo," akasema.

Nikamwambia mwanangu alikuwa anaungua, nilitaka nikalie nini.

"Na umerudi umekumbatia mwanaume. Huko Manyovu ndivyo mnavyowaheshimu wakwe?"

Wifi mmoja akacheka, akasema labda mama katafuta mume, mjukuu ni kisingizio. Mimi na mvi hizi! Nikamjibu kwamba ningetaka mume nisingemtafuta kwenye ukoo wenye breki mbovu. Hapo ndipo wakaamua kwamba Josefu akirudi tu nifungashwe nirudi kwetu, na kwa sasa nisivuke kizingiti chake. Nalala jikoni. Ndoo yangu wanaimwaga kisimani. Watoto wao wamefundishwa kunikimbia. Hayo nayaweza. Nisiloliweza ni hili, nikiondoka leo, Neema kesho anapewa jembe, na kidonda kile kitafumuka.

Josefu alirudi, mimi nikajibanza jikoni nachungulia. Mama yake akamweleza yote na ya kuongeza. Akaingia kwa mke wake, akakaa humo mpaka chai yake ikapoa. Akatoka na spana, akalegeza nati, akaing'oa siti, akaitundika darini. Kisha akasema kwa nguvu, ili na sisi wa jikoni tusikie:

"Siti yangu ni ile pale juu. Hiki kilichobaki ni chuma tu. Mwenye siti yake aje nayo."

Mama yake akatema mate akaondoka. Josefu naye amerudi porini kwa miguu, baiskeli kaiacha pale pale ukutani.

Kwa hiyo Skola, ile siti ya marehemu shemeji yako iko stoo kwako, nyuma ya magunia. Ifute, ifunge kwenye kiroba, mpe konda wa basi la Kasulu aiunganishe na la Kakonko, wamwachie mganga kule zahanati. Usininunulie mpya, hata kama ni laini. Wataniuliza tena nimekalia siti ya nani, na mimi nataka niwajibu, ya mume wangu.

Msalimie mjomba anayetuchungia mbuzi, na jirani yetu fundi cherehani, na mumeo, mwambie asiniuzie ile siti. Mama mfunike miguu.

Bandeji zimebaki za kubadilisha mara moja. Kiroba kikichelewa nitaendesha nimesimama juu ya pedeli.

Ni mimi dada yako, niliye jikoni kwa watu na siondoki,

Mama Neema