Gogo la Cucu Njoki

Ngoingwa, Alhamisi

Gogo halipo tena. Sijui hata nianzie wapi.

Mwaka mzima nimekuwa nikienda Murera, kwenye kipande cha msitu kilichobaki nyuma ya shamba la bibi mmoja mzee, Cucu Njoki, kuwaangalia mbawakawa wangu. Ni weusi, wadogo kama punje za wimbi, na walikuwa wakiishi chini ya gome la gogo moja lililooza. Kwingine sijawahi kuwaona.

Leo nimemkuta Cucu ameshika ufagio, anatabasamu.

"Nilikuwa naona aibu," akaniambia. "Mgeni anakuja kila wiki anapiga magoti kwa uchafu. Nimekusafishia."

Chini ya miti pamefagiwa kama kwa harusi. Gogo amelipasua kuni.

Nikasema asante. Mwanawe anataka kukata ploti za kuuza pale, na sasa sina hata mdudu mmoja wa kumwonyesha ili msitu uachwe. Labda hao wadudu wenyewe wamekwisha kabisa...

Tukaingia jikoni. Chini ya sufuria ya chai nikaona gome nililolijua, linawaka. Nimekunywa vikombe viwili, maana alikuwa ananitazama, na chai ilikuwa tamu.