Nukta ya Katikati

Jumatatu, 11 Machi

Meneja kaniita. Kazi hapa kiwandani inasuasua, anasema kuna watu wanapanga mgomo. Mimi ndiye mtu wa takwimu, basi kompyuta yangu imwambie ni kina nani! Kanipa rekodi za laini za simu za kampuni: nani kampigia nani. Maneno yenyewe hayamo. Kila mfanyakazi nukta, kila simu mstari. Wanaopigiana sana programu inawapa rangi moja. Imegawa kiwanda vizuri — washonaji bluu, madereva kijani. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 12 Machi

Kuna kundi jekundu lisilojali idara. Washonaji, wafagiaji, hata karani wa stoo. Na katikati yake — mdogo wangu! Nikaangalia mara mbili. Halafu nikacheka peke yangu. Si ndiye anayewasuka wanawake wote wa kiwandani? Wanampigia kupanga siku ya kusukwa. Kompyuta haijui msusi ni nini.

Ila nikimweleza Meneja hivyo, ataniuliza nimejuaje. Tulipoajiriwa tulificha kuwa ni ndugu; hapa hawachukui wawili wa tumbo moja. Nikinyamaza, anafukuzwa yeye. Nikisema, wote wawili.

Alhamisi, 14 Machi

Jioni nimemfuata mdogo wangu kwake. Alikuwa anamsuka Mama Pacha, mfagiaji wa ofisi zetu, ambaye alikuwa anakoroma kabisa. Mama huyo alipoamka na kuondoka nikamsimulia mdogo wangu. Nilidhani atacheka. Akaendelea kutoa nywele kwenye kitana.

“Dada, kwani mtu akikaa hapa kutwa kichwa kikisukwa, unadhani tunaongea nini? Mgomo ni Jumatatu.”

Jamani! Kumbe kompyuta ilijua, mjinga mimi. Nikauliza na Mama Pacha yumo? Akasema huyo hata hajui, akikaa kwenye kigoda anasinzia.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeifuta nukta ya mdogo wangu. Nilijua kundi litasambaratika. Wapi! Programu ikatafuta katikati nyingine: Mama Pacha. Kwa sababu huwapigia wenzake wa zamu ya alfajiri kuwaamsha. Basi.

Kabla sijabadilisha, Meneja akaingia. Akaweka kidole kwenye skrini.

“Huyu ndiye kichwa chao?”

Sikusema ndiyo. Sikusema siyo pia. Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia chooni na daftari hili. Nimejifungia. Naogopa, na najichukia.

Nimemsikia Meneja koridoni akimtuma mlinzi amwite Mama Pacha. Sasa kandambili zake zinakuja. Anamuuliza mlinzi watoto hawajambo. Mlinzi anajibu kwa sauti ya chini, anamwambia afanye haraka, anasubiriwa.

Zimesimama mlangoni kwangu. Anabisha. Anauliza aliye ndani kama ana karatasi ya chooni, au amletee kwanza.

Nimemwambia ipo.