Sehemu ya Tatu Imefika, Baba

Baba,

Ile sinema ya rubani mwanamke, uliyempa jina Akello kwa sababu jina lake la Kichina lilikushinda ulipokuwa ukiwatafsiria watu, sehemu yake ya tatu imefika. Nilikwenda mjini jana asubuhi kuichukua diski, nikaibeba kama trei ya mayai, na mchana nikaionyesha hapa hapa kwenye kibanda chetu cha sinema cha Kisugu. Nilidhani leo ningekuandikia kwa furaha.

Unakumbuka ya pili ilivyoisha? Ndege ikaingia winguni, majina yakaanza kupanda, na watoto wa kambi ya polisi wakagoma kutoka. Ukashika maikrofoni ukawaambia, "Mvumilivu hula mbivu." Miaka ikapita, mbivu hazionekani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nawe hukuwa na moyo wa kuwaona wakiumia. Basi kila Jumamosi, kabla ya sinema nyingine, ukawa unawaongezea kidogo kutoka kichwani mwako: Akello ameanguka na ndege yake hapa nchini kwetu, Karuma, Akello anafundisha shule, mumewe anamtafuta. Mama alikuita mwongo mbele ya wateja, ukacheka mpaka ukakohoa.

Kumbe Wachina walikuwa wameshasahaulika. Watoto walikuwa wanarudi kwa ajili ya Akello wako.

Jana walikuja wachache. Wamekuwa wakubwa, Baba. Opio ana ndevu, analinda benki, alikuja na sare yake. Wadogo wa siku hizi walichungulia mlangoni, wakaambiwa kuna sehemu mbili hawajaziona, wakaenda zao na simu zao. Nikaanza kutafsiri kama ulivyonifundisha: ndege inatoka winguni, rubani anatua salama mjini kwao, anapokelewa kwa maua.

Opio akasimama. "Dada Rose, huyo si Akello. Mzee alisema alianguka Karuma. Mbona unadanganya sisi?" Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo, ningejua la kumjibu. Mwenzake akauliza polepole, "Lakini bwana yake alimpata?"

Ulipopelekwa hospitali, mume alikuwa ndio kwanza amefika kwenye daraja la Karuma. Hukurudi, na hukumwambia mtu yeyote kilichofuata. Sinema ikaendelea na Kichina chake, maikrofoni mkononi mwangu, na wao wakatoka mmoja mmoja wakinipa pole kama siku ya mazishi.

Sijui nifanye nini, Baba. Nilidhani tukiipata hii diski watarudi, na kibanda kitajaa kama zamani. Sasa ninayo, na haifai kitu. Mwenye kuitoa ile wanayoingoja wao ni wewe, na tulikuzika kwetu Lira.

Kuna wanaonishauri nitunge tu, eti nina sauti yako. Nakuahidi sitatunga, hata wakinibembeleza, hata kibanda kikifungwa. Pumzika, Baba yangu. Na mimi nilitaka sana kujua kama alimpata.

Binti yako,
Rose