Majibu ya Kipimo cha Baba

Kibeta,
Bukoba.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Vestina,

Nakusalimu. Natumaini wewe na shemeji Bundala mko salama hapo Dodoma, na kwamba kifua cha mwanenu Kezia kimepona. Huku tuna afya, isipokuwa Baba.

Damu aliyokuwa akiiona chooni tangu Pasaka ndiyo iliyomtoa Muleba hadi kwangu. Tarehe 27 Mei alipimwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera. Moyo wake ni dhaifu, hivyo hakuchomwa sindano ya usingizi. Mimi niliruhusiwa kukaa ndani ili nitafsiri, kwa sababu akisikia maumivu hurudi kwenye Kihaya.

Daktari Agnetha hapulizi hewa ili utumbo ufunguke. Anaingiza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kisha anayavuta pamoja na uchafu. Alinieleza kwamba hivyo mgonjwa aliye macho haumii sana.

"Daktari, unamwagilia migomba?" Baba aliuliza.

"Naosha, mzee. Haya maganda ni ya nini?"

"Kahawa."

"Si uliambiwa usile?"

"Sikula, binti yangu. Nilitafuna tu."

Jioni iliyotangulia, Mzee Elieza wa Kitendaguro alikuja kumjulia hali na kahawa yake ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake. Baba alikuwa amekataa uji, ndizi na hata chai ya maziwa. Kahawa ya mgeni hakuikataa, na maganda aliyameza. Nami nilikuwepo, nikatafuna pamoja nao. Halikunijia wazo kwamba tunakula.

Daktari alisema kwa hewa peke yake angeahirisha. Kwa maji aliosha na kuvuta kwa dakika arobaini na tano. Nyuma ya maganda, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe wa sentimita tatu. Alikata vipande vinne vikapelekwa maabara Mwanza.

Majibu yalifika Ijumaa. Ni saratani. Haijaonekana kusambaa. Upasuaji umepangwa tarehe 26 mwezi huu, Mwanza.

Nilimwambia Baba mezani, mchana. Alimaliza kula. Nimeandika habari za watu wengine gazetini miaka ishirini na sita. Hii nayo naiandika jinsi ilivyo, sijui njia nyingine.

Daktari anasema watoto wake wote waliofika miaka arobaini wapimwe. Mimi na dada Consolata tulipimwa juzi, kwa maji hayo hayo, hatuna kitu. Wewe una arobaini na tatu. Nilipomweleza Baba, alisema hapandi gari la Mwanza mpaka asikie kwamba Vestina amepimwa. Nilimwambia ugonjwa haungoji. Akasema, "Basi mwambie awahi."

Hajabadilika. Zimebaki siku kumi na saba. Nenda wiki hii, unipigie ukitoka tu.

Dada Consolata na shangazi Benigna wanakusalimu. Msalimie shemeji na watoto. Mungu awalinde nyote, na akupe miguu ya kwenda.

Wako akupendaye,
kaka yako Ismael