Kufuli Tatu za Bomba la Chini

Machimboni, 4 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumai wewe na Mama mko salama, na lile goti lako limepunguza ubishi. Mimi ni mzima. Kazi ya mizani inaendelea: lori likipita napima kokoto, naandika, basi. Ofisini nina kiti na meza, Mama asiwe na wasiwasi.

Umeuliza mbona sipigi simu. Mtandao wa huku bondeni ni wa kubahatisha. Mpe Naftaly barua. Lori lake hupita Kanyakine mara mbili kwa wiki, naye hunikabidhi mkononi.

Habari mpya ni moja. Juu ya mashine ya kusaga mawe wametufungia mabomba yenye matundu membamba kama ya sindano. Yanatoa maji kama ule ukungu wa huko kwetu Julai. Mawe yanalowa mchana kutwa, hata nguo tulizoanika hazikauki! Maji yenyewe yanatoka kwa bomba la mradi wenu wa maji huko juu, kwa hivyo nikinawa nakukumbuka.

Ni mimi mwanao,
Mutugi

Kanyakine, 25 Agosti 2024

Kwa mwanangu Mutugi,

Pokea salamu zetu. Mama yako anauliza kama unakula. Goti ni lile lile, lakini sisi hatujambo kwa neema ya Mungu.

Huku jua limetukalia. Migomba imeinama, na maharagwe ya Mama yako yamekauka kabla ya kutoa maua. Jana tulikuwa na mkutano wa maji, na mimi kama mwenyekiti nilisimama nikawasomea barua yako. Nikawaambia, mwanangu mwenyewe yuko huko ofisini na ameandika kwamba mawe yanalowa mchana kutwa. Je, mawe yana kiu? Watu walicheka, wakapiga makofi. Bomba la chini, lile linaloshuka huko machimboni, tulilifunga jioni hiyo hiyo, mpaka mvua ije.

Nilipendekeza kufuli tatu, ili asitokee mtu wa kuhongwa na machimbo akafungua peke yake. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao Eunice mweka hazina, na wa tatu katibu wetu Gitobu. Umetusaidia sana, mwanangu. Watu wananisimamisha njiani kukusifu.

Baba yako

Machimboni, 29 Agosti 2024

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Nisamehe nisipouliza mengi.

Baba, fungueni maji. Nakuomba kwa magoti. Mimi sipimi lori. Sijawahi kukalia kiti cha ofisi hata siku moja. Tangu mwaka jana namwaga mawe kwenye mdomo wa ile mashine. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umeshawatangazia kanisani kwamba nimepata kazi ya kalamu.

Ukungu ule si wa kulowesha mawe. Ni wa kuliangusha vumbi lisituingie kifuani. Njiru, rafiki yangu wa Embu, tuliyekuwa tukifanya kazi bega kwa bega, alirudishwa kwao mwezi wa nne. Hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Daktari aliwaambia vumbi la mawe likishakaa ndani halitoki. Ndipo wenzangu wakataka kuondoka wote, na ni mimi niliyewaomba wabaki. Niliwaambia ukungu unakuja.

Sasa mabomba ni makavu, na meneja amekataa kuzima mashine. Saa nne asubuhi simwoni mtu aliye hatua tano kutoka kwangu.

Mtandao upo, Baba. Sikupigi kwa sababu ungenisikia nikikohoa.

Mwanao Mutugi

Kanyakine, 14 Septemba 2024

Mwanangu,

Nashindwa hata kukusalimu. Mama yako amesoma barua yako, na tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kutoka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kwamba maji yanakuja. Nimeitisha mkutano mara mbili. Wa kwanza hawakuja. Wa pili walikuja, nikawaeleza yote, hata ule uongo wa mizani. Eunice alilia, lakini akasema ana ng'ombe watatu na wajukuu, ufunguo hatoi. Gitobu aliniuliza mbele ya watu, "Mzee, si ni wewe ulituuliza kama mawe yana kiu?" Wakacheka tena, Mutugi. Kicheko kile kile.

Acha kazi hiyo. Rudi nyumbani na Naftaly, leo hii. Nilaumu mimi, lakini rudi.

Baba yako

Machimboni, 18 Septemba 2024

Baba,

Mama hajambo?

Wanaume thelathini walibaki kwa neno langu. Nitatangulia vipi kupanda lori?

Sikulaumu. Ni barua yangu iliyofanya haya. Naandika nikiwa nimekaa, kwa sababu nikilala pumzi haiji.

Jaribu tena.

Mutugi

Kanyakine, Jumapili, 22 Septemba 2024

Mutugi wangu,

Leo watu walipokuwa kanisani nilipanda hadi kwenye koki ya bomba nikiwa na nyundo. Kufuli yangu niliifungua kwa ufunguo, zile mbili nikazivunja. Goti lilinitupa chini mara mbili. Koki ilikuwa imeshika kutu, ila Mama yako alikuwa amenifuata bila kuniambia, tukaizungusha pamoja. Tulisikia maji yakishuka, tukaketi hapo hapo tukalia.

Wanakuja kuniondoa kwenye uenyekiti, labda na polisi pia. Waje. Sitasogea kwenye hiyo koki.

Naftaly alipita jana bila barua nyingine yako. Nilipomuuliza alitazama chini, akasema hakukukuta machimboni, na hakuna aliyetaka kumweleza ulikopelekwa. Nimempigia meneja, hashiki. Nimekupigia wewe mara kumi na saba. Hii nampa Naftaly akuulizie kila hospitali kuanzia huko hadi Embu.

Simu yangu imejaa chaji na haitoki mkononi. Piga, mwanangu. Usitafute maneno. Kohoa tu, nitajua ni wewe.

Baba yako