Mwambie Jirani Yako

Jumapili, Kamere

Na si yeye nilikuwa namaanisha. Mungu anajua.

Pasta wetu hupenda kusema, "Mwambie jirani yako hivi, mwambie jirani yako vile." Mimi huona haya, kwa hivyo hukaa nyuma kando ya spika, hapo sina jirani. Leo Wambui wa kwaya amechelewa, akakuja kukaa hapo. Huyo Wambui namwangalia tangu Krismasi na sijawahi kumwambia hata niaje.

Pasta akasema, "Mwambie jirani yako, umependeza." Nikamwambia, kwa sauti ndogo. Akacheka. Nikajisikia vizuri, nikangojea ingine.

Pasta akapandisha sauti, "Mwambie shetani, toka kwa maisha yangu!"

Mimi nilisikia tu mwambie. Nikamgeukia Wambui nikamwambia kwa nguvu, "Shetani, toka kwa maisha yangu."

Mathe mmoja hapo mbele akasema amen.

Nilitaka kuhama kanisa leo leo. Lakini tukitoka, Wambui alikuwa ananingoja kwa geti.

"Boss, shetani anaenda nyumbani. Unamsindikiza ama atoke tu kabisa?"

Nimemsindikiza mpaka kwao. Njia yote nimefungua mdomo mara moja tu, tukifika kwa mlango. Nikasema amen.