Maharagwe ya Bei Mbili

Mjukuu wangu Nambozo,

Hapa Malukhu tu wazima, babu yako anakusalimu.

Unauliza, kwa hesabu aliyokupa mwalimu, utachanganyaje maharagwe ya shilingi 800 kwa kilo na ya 500 ili uuze kwa 600. Ya kwanza yamezidi kwa 200, ya pili yamepungua kwa 100. Basi kila kilo ya ghali itie mbili za rahisi.

Miaka ya tisini, nikiuza sokoni Jinja, nilichanganya hivyo hivyo, mapya ya ghali na ya zamani ya rahisi. Mke wa askari magereza akanirudia na sufuria.

"Dada, bei yako ni nzuri. Lakini mapya yamekuwa uji, ya zamani bado ni mawe."

Jibu la mwalimu ni hilo la kilo moja kwa mbili, liandike. Ukija likizo tutayapika, na ya zamani tutayatanguliza motoni.

Bibi yako